Maswali ya Wasomaji: Protini Ndogo Zinazoziba Mlango wa Sumu

Barua tatu zilizotufikia kutoka mkoa wa Tanga zinahusu jambo moja, kwa hiyo nimezijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika ameuliza kiini cha jambo lenyewe.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Makorora, Tanga. Mwezi uliopita mjomba wangu, ambaye ni fundi wa mashua, alikanyaga msumari wenye kutu alipokuwa aking'oa ubao uliooza. Hospitalini alisafishwa kidonda, akadungwa sindano mbili, akaambiwa kwamba moja ni chanjo ya pepopunda na nyingine ni kinga ya kuazima. Nilipowasimulia wanafunzi wangu, mmoja wao alisema amesikia redioni kwamba wataalamu sasa wanabuni protini ndogo kwa kompyuta ili zikamate sumu za bakteria. Sikuwa na la kumjibu. Je, protini hubuniwaje? Ina tofauti gani na antibiotiki, au na sindano aliyodungwa mjomba? Na je, ingemfaa mgonjwa wa pepopunda?

JIBU: Mwalimu, mpe pole mjomba. Nitaanza na yeye, kwa sababu nusu ya jibu lako imo ndani ya zile sindano zake mbili.

Kwanza tuiondolee kutu lawama. Bakteria wa pepopunda, Clostridium tetani, hukaa kwenye udongo na samadi akiwa amejifungia ndani ya chembe ngumu mfano wa mbegu, na anachohitaji ili achipue ni kidonda chembamba chenye kina, ambamo hewa haifiki. Mwiba wa mkonge usio na hata chembe ya kutu waweza kumfikisha huko sawasawa na msumari. Akishachipua hubaki pale pale kidondani, wala haenei mwilini. Kinachosafiri ni sumu yake. Sumu hiyo nayo ni protini, yenye sehemu inayoishika ncha ya neva na sehemu nyingine inayofanya kazi kama mkasi. Ikishaishika neva huingia ndani yake, ikapanda nayo hadi kwenye uti wa mgongo, na huko ikaziingia neva ambazo kazi yake ni kuituliza misuli. Ndani ya neva hizo mkasi huikata protini iitwayo sinaptobrevini, ambayo bila yake neva haiwezi kumwaga kemikali zake za kutuliza. Misuli hubaki ikiamriwa kukaza, na hakuna wa kuiambia ilegee.

Nilipokuwa kijana wa mafunzo ya maabara, nilitumwa kuchukua damu ya mgonjwa wa pepopunda katika hospitali moja ya mkoani. Mapazia yalikuwa yameshushwa, kitasa cha mlango kimezungushiwa kitambaa ili kisilie, na muuguzi akaniomba nivue viatu mlangoni. Nilikiangusha kifuniko cha chupa, kidogo kama kifungo cha shati. Kwa mlio ule tu mgongo wa yule bwana ulipinda kama upinde, visigino na kisogo vikabaki kitandani, meno yakasagana. Fahamu zake alikuwa nazo zote, na macho yake yalinitazama muda wote huo. Daktari alinieleza baadaye kwamba mgonjwa alikuwa ameshapata antibiotiki, nayo ilikuwa imeshawaua bakteria kidondani. Alikuwa ameshapata pia seramu, yaani maji ya damu yenye kinga, nayo ilikuwa imeshaikamata sumu iliyokuwa ingali ikizunguka kwenye damu. Lakini ile iliyokwisha kuingia ndani ya neva ilikuwa imepita mahali ambapo dawa zote mbili hazifiki. Iliyobaki ilikuwa kumtuliza, kumsaidia kupumua, na kungoja kwa majuma mpaka neva zijijenge upya.

Naomba ulishike jambo hilo, kwa maana maelezo yote yanayofuata yamelizunguka. Antibiotiki humlenga bakteria. Kinga dhidi ya sumu huilenga sumu yenyewe, nayo hufaa tu ikiikuta kabla haijapita mlangoni.

Kinga ya namna hiyo si jambo geni. Mwaka 1890 mjini Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba seramu ya mnyama aliyejengewa kinga dhidi ya sumu ya pepopunda, ikitiwa kwa mnyama mwingine, humlinda yule wa pili. Behring alipewa kwa kazi ya seramu Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya Tiba, mwaka 1901. Kwa miaka mingi seramu hiyo ilitolewa kwenye damu ya farasi, na baadhi ya wagonjwa walidhurika kwa kuwa miili yao iliikataa protini ya farasi. Mjomba wako, kwa kadiri ulivyoeleza, alidungwa kingamwili, yaani protini za kinga, zilizotolewa kwenye damu ya watu waliochanjwa. Ndiyo maana ikaitwa ya kuazima: hufanya kazi mara moja, lakini baada ya majuma kadhaa huisha mwilini, ilhali chanjo aliyodungwa sambamba huufundisha mwili wake kujitengenezea kinga yake wenyewe, jambo ambalo huchukua muda.

Sasa kingamwili ni protini kubwa, yenye asidi amino (vipande vidogo vinavyoungana kujenga protini) zaidi ya 1,300, na sehemu inayoigusa sumu ni ndogo mno ukiilinganisha na mwili wote huo. Wabunifu wa protini walijiuliza swali jepesi kulitaja na gumu kulitekeleza: je, hatuwezi kutengeneza ile sehemu ya kushika peke yake, ndogo na imara, bila ya kumtegemea farasi wala mtoa damu?

Mjomba wako atakueleza kazi hiyo vizuri kuliko vitabu vingi, ikiwa yeye hukalafati mashua. Fundi wa kalafati hachukui pamba yoyote akaibandika. Huutazama kwanza mfuo ulio kati ya ubao na ubao, akapima upana na kina chake, akasokota pamba inayolingana nao, kisha akaigongomea mpaka maji yasipate pa kupita. Mbunifu wa protini naye huanza kwenye mfuo. Huchukua umbo la sumu kama lilivyopimwa maabarani, chembe kwa chembe, akachagua mahali ambapo sumu huitumia kuishika neva, kisha akaiagiza kompyuta ijenge umbo dogo litakalolala juu ya mahali hapo na kupaziba.

Ugumu uko hapa. Protini ni mkufu wa asidi amino za aina 20, na mkufu huo hujikunja wenyewe kufuatana na mpangilio wake: zile zinazoyakimbia maji hujificha ndani, zile zinazoyapenda hubaki nje, zenye chaji chanya huzitafuta zenye chaji hasi. Maumbile hutupa mpangilio, nasi tukahangaika kulijua umbo. Mbunifu hulianza jambo upande wa pili: analo umbo analolitaka, naye hutafuta mpangilio utakaojikunja ukawa umbo hilo. Kwa mkufu wa asidi amino 40 tu, mipangilio inayowezekana ni 20 ikizidishwa kwa yenyewe mara 40, yaani takriban 1 ikifuatiwa na sifuri 52. Hakuna maabara inayoweza kuijaribu yote, ndiyo maana kompyuta ikahitajika.

David Baker na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Marekani, walionyesha mwaka 2003 kwamba jambo hilo linawezekana, walipotengeneza protini ya asidi amino 93 yenye mkunjo ambao haukuwa umeonekana katika kiumbe chochote. Baker alipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024. Nusu nyingine waligawana Demis Hassabis na John Jumper, waliounda programu ya akili mnemba inayotabiri umbo la protini kutokana na mpangilio wake.

Kwa swali lako, hata hivyo, kazi muhimu zaidi ilichapishwa mwaka 2017. Watafiti walibuni protini ndogo 22,660, zenye asidi amino kati ya 37 na 43, kwa shabaha mbili: kirusi cha mafua na sumu ya botulinum ya aina B, itolewayo na bakteria Clostridium botulinum. Nimeichagua sumu hii makusudi kwa sababu ni ndugu wa karibu wa sumu ya pepopunda. Huikata sinaptobrevini ile ile, tena mahali pale pale, kama ilivyothibitishwa mwaka 1992. Ila yenyewe hubaki kwenye makutano ya neva na msuli, haipandi hadi kwenye uti wa mgongo, na kwa hiyo msuli hulegea mahali pa kukaza. Mkasi mmoja, mahali pawili, maradhi yaliyo kinyume. Katika miaka yote niliyosoma mambo ya sumu, sijakutana na mfano unaoonyesha vizuri kuliko huu kwamba nguvu ya sumu haiko kwenye makali yake tu, imo pia kwenye njia inayopita, na njia ndiyo inayoweza kuzibwa.

Jinsi walivyozijaribu protini zote hizo ni jambo unaloweza kuwachorea wanafunzi ubaoni. Vinasaba vya protini hizo viliandikwa kwa pamoja kwa mashine, vikaingizwa ndani ya seli za hamira, jamii ile ile ya hamira tunayoumulia maandazi, na kila seli ikaivaa juu ya ngozi yake protini ya aina moja. Kisha seli zikaogeshwa katika maji yenye kile kipande cha sumu kinachoishika neva, ambacho kikiwa peke yake hakidhuru, nacho kikawekewa alama inayong'aa. Seli iliyong'aa ilikuwa imekishika. Mashine ikazipitisha seli moja moja mbele ya mwanga, ikazitenga zinazong'aa na zisizong'aa, na vinasaba vya zile zilizong'aa vikasomwa. Protini zilizosalia katika mchujo huo zilikuwa 2,618, takriban 1 katika kila 9. Zile zilizolenga botulinum, zilipojaribiwa kwenye seli za neva zilizokuzwa maabarani, zilizikinga seli hizo zisiingiwe na sumu.

Tangu hapo kazi imekuwa nyepesi zaidi. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya programu inayoanza na ukungu wa nukta zisizo na mpangilio, ikaufafanua hatua kwa hatua mpaka umbo la protini likajitokeza juu ya shabaha iliyochaguliwa, na kwa njia hiyo mara nyingi imetosha kujaribu protini zisizofikia 100 kwa kila shabaha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 watafiti wa Marekani na Denmark walichapisha protini zilizobuniwa hivyo dhidi ya sumu za nyoka wa jamii ya swila. Panya waliodungwa kipimo cha kuua cha sumu ya neva waliokoka, wote au wengi wao, walipopewa protini hizo. Nyoka si bakteria, lakini hesabu ni ile ile: itafute sehemu ambayo sumu hushikia, uizibe.

Je, ingemfaa mgonjwa wa pepopunda? Protini ya namna hii ingekaa katika nafasi ile ile ya sindano ya pili ya mjomba wako, yaani ingemfaa aliyejeruhiwa leo, na ingemfaa kwa sehemu aliyeanza kuugua, kwa kuikamata sumu ambayo bado iko nje ya neva. Yule bwana wa chumba chenye giza isingeweza kumfungua. Tena udogo wake, ambao ndio fahari yake, unayo gharama: figo huichuja protini ndogo na kuitoa kwa muda wa saa chache, ilhali kingamwili ya kawaida nusu yake huwa ingali mwilini baada ya takriban majuma 3. Pepopunda huchukua kati ya siku 3 na 21 kujitokeza, na kinga inayotoka jioni ya siku ile ile haitoshi. Wabunifu hulitatua hilo kwa kuiunganisha protini ndogo na protini nyingine inayodumu kwenye damu, lakini kila kiungo kinachoongezwa lazima kipimwe upya. Kutoka panya hadi mgonjwa kuna majaribio ya hatua tatu kwa binadamu, na hayo ni miaka. Kwa sasa waambie wanafunzi wako kwamba kinga iliyo mkononi ni chanjo, ambayo mtoto huipata ndani ya pentavalenti, chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, akiwa na wiki 6, 10 na 14, na mama mjamzito huipata kliniki.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni muuguzi katika zahanati iliyo vilimani upande wa Amani, wilaya ya Muheza. Umeme kwetu hukatika mara kwa mara, na dawa zinazotaka jokofu hutupa wasiwasi. Nimesikia kwamba protini hizi za kubuniwa hazihitaji baridi. Ni kweli? Na kama ni kweli, je, zitatengenezwa za kipindupindu, ambacho bakteria wake nao hutoa sumu?

JIBU: Marahaba. Wasiwasi wako naujua. Nimewahi kuona katoni nzima ya dawa ikimwagwa kwa sababu joto la jokofu lilipanda usiku mmoja, na katika orodha ya waliokuwa wakiingojea alikuwamo mtoto.

Ulilosikia lina ukweli mkubwa. Kingamwili huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikipata joto kali hukunjuka, isirudi tena katika umbo lake. Protini ndogo za kubuniwa zimefungwa kwa ndani kwa namna inayobana sana, kwa sababu mbunifu alichagua kila asidi amino kwa ajili ya uimara, bila ya kubeba mabaki ya historia ya mageuzi kama protini za maumbile. Nyingi kati ya zilizopimwa hubaki na umbo lake hata zikipashwa hadi karibu na nyuzi 95, joto la maji yanayokaribia kuchemka. Kwa kuwa ni fupi, hutengenezwa na bakteria wa maabarani au hata kwa kemia tupu, bila ya mnyama. Hapo ndipo ninapoiona thamani yake kwa zahanati kama yako, kuliko katika sifa ya kompyuta inayotangazwa. Hata hivyo, protini kustahimili joto ndani ya chupa ya majaribio ni jambo moja, na dawa kuidhinishwa ikae rafuni kwa miezi kadhaa ni jambo jingine linalohitaji vipimo vyake.

Kuhusu kipindupindu, sumu yake ina sehemu 5 zinazoshika ukuta wa utumbo na sehemu moja inayoingia ndani ya seli na kuifungulia bomba la maji na chumvi. S. N. De wa Kolkata ndiye aliyeonyesha mwaka 1959 kwamba sumu hiyo ipo. Kuiziba mikono yake mitano kunawezekana kwa nadharia, lakini protini ya kumezwa ingelazimika kupita kwenye asidi ya tumbo na vimeng'enya vinavyomeng'enya protini, na ingelazimika kumkuta mgonjwa mapema. Mgonjwa mahututi mtu mzima aweza kupoteza hadi lita 1 ya maji kwa saa. Dada yangu, hapa naomba nisikufiche maoni yangu: kwa kipindupindu mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari, pamoja na dripu kwa aliyezidiwa, ni tiba bora kuliko protini yoyote ninayoweza kuifikiria. Sumu huiharibu njia moja ya chumvi na kuiacha salama ile inayoingiza chumvi pamoja na sukari, na kwa njia hiyo iliyosalia maji hurudi mwilini. Kwa tiba hiyo ikitolewa ipasavyo, vifo hushuka chini ya 1 katika kila wagonjwa 100.

Kama ni sumu za tumboni, mimi ningeangalia kwanza upande wa Clostridioides difficile, bakteria anayeshambulia utumbo mpana baada ya mgonjwa kutumia antibiotiki. Huko antibiotiki zenyewe ni sehemu ya chanzo cha tatizo, kwa hiyo dawa inayoiziba sumu bila ya kuwaua bakteria wema wa tumboni ina sababu nzito ya kuwapo, na wabunifu tayari wanaishughulikia sumu yake B.

SWALI: Nasoma kidato cha sita, Pangani. Kompyuta inayoweza kubuni kinga dhidi ya sumu, je, haiwezi kubuni sumu? Na mtu asiye na maabara aanzie wapi kujifunza mambo haya?

JIBU: Swali lako la kwanza wanalo wabunifu wenyewe. Mwezi Machi 2024 wanasayansi wengi wa fani hii walitia saini tamko la hiari, na miongoni mwa waliyoahidi ni kununua vinasaba vya kutengenezwa kutoka kwa watengenezaji wanaochunguza kila agizo kabla ya kulitekeleza. Kizuizi hicho kimewekwa mahali panapofaa, kwa sababu protini iliyo kwenye kioo cha kompyuta haimdhuru mtu mpaka kinasaba chake kitengenezwe. Lakini ahadi ya hiari humfunga aliyeiahidi tu, na ningependa kuona nchi zetu, Tanzania ikiwamo, zikiifanya sheria.

Kwa swali la pili, simu yako inatosha kuanzia. Ipo mtandaoni hazina ya maumbo ya protini, iitwayo Protein Data Bank, iliyoanzishwa mwaka 1971, iliyo wazi kwa kila mtu bila malipo, na umbo la sumu ya pepopunda limo. Lifungue, uligeuze kwa kidole taratibu. Utaiona sehemu ya mkasi, utaiona sehemu inayouvusha mkasi huo, na mwishoni kabisa utaiona ile inayoishika neva. Itazame hiyo ya mwisho kwa muda mrefu, utafute penye shimo na penye kinundu, kisha uchore kwenye daftari umbo ambalo wewe ungelilaza pale.